Mitungi yenye Uso wa Mtu

Tukisema juu ya mtungi, twausema kama mtu: una mdomo, una shingo, una tumbo, pengine una masikio ya kushikia. Maneno haya tumeyazoea, hata hatuyafikirii tena. Lakini zamani kulikuwa na watu, mbali sana ng'ambo ya bahari, waliofanya kwa mikono yao jambo hili ambalo sisi twalisema kwa ulimi tu. Waliufinyanga mtungi wenye macho, pua, mashavu na kidevu. Tena haukuwa uso wa mtu yeyote tu, bali uso wa mtu fulani, aliyejulikana na jirani zake.

Watu hao huitwa Wamoche, nao walikaa katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Mitungi yao yaonekana leo katika nyumba za makumbusho za Lima, Berlin, London na Chicago, na watu wenye elimu huisifu sana. Katika makala hii nataka tuitazame kama tunavyoitazama kazi ya fundi yeyote. Kwanza tuone ilivyofanywa, kisha tuseme lipi ndani yake ni jema na lipi ni dhaifu. Mwishoni tuulize swali ambalo sifa nyingi hulificha. Swali lenyewe ni hili: watu waliojua kuutazama uso wa mwenzao kwa uangalifu namna hii, waliwezaje kumkata koo?

NCHI NA WATU WAKE

Kaskazini ya Peru, kando ya bahari ya Pasifiki, nchi ni jangwa. Mvua ni haba sana, na mchanga wafika mpaka ufukoni. Lakini mito midogo hushuka kutoka milima ya Andes na kuikata nchi ile kavu kama vidole vya mkono. Katika mabonde ya mito hiyo, yaani Chicama, Moche, Virú, Santa na mengine, Wamoche walichimba mifereji mirefu, wakanywesha mashamba yao. Walilima mahindi, maharage, maboga na pamba. Walivua samaki baharini kwa vyombo vya matete. Waliishi hivyo tangu mwaka 100 hivi baada ya Kristu mpaka mwaka 800 hivi.

Msomaji asiwachanganye na Wainka. Wainka ndio Wahispania waliowakuta walipofika Peru mwaka wa 1532, miaka arobaini baada ya Christopher Columbus kuvuka bahari. Wakati ule Wamoche walikuwa wamekwisha kutoweka zaidi ya miaka mia saba. Hawakuwa na maandishi, wala chuma, wala gurudumu la kufinyangia. Hata hivyo, karibu na mji wa leo wa Trujillo, walijenga vilima viwili vikubwa vya matofali mabichi ya udongo. Wahispania waliviita Huaca del Sol na Huaca de la Luna, maana yake mahali patakatifu pa Jua na pa Mwezi. Matofali ya kilima cha Jua peke yake huhesabiwa kupita milioni mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 17 Wahispania waligeuza mkondo wa mto ili maji yabomoe kilima kile, wapate kuokota dhahabu iliyomo. Sehemu kubwa ikachukuliwa na maji.

Watu wasio na maandishi hutuachia nini? Hatujui mfalme wao hata mmoja kwa jina. Lakini nyuso zao twazijua. Hapa jambo limegeuka kinyume cha desturi, maana kwa watu wengi wa kale twayo majina na nyuso zimepotea.

KAZI YA MFINYANZI

Mitungi mingi ya namna hii ina kimo cha sentimita 15 hadi 30. Juu ya kichwa, au nyuma yake, hutoka mabomba mawili ya udongo, yanayopinda na kukutana kama upinde. Mahali yanapokutana husimama bomba moja fupi, nalo ndilo mdomo wa mtungi. Upinde huo wafaa kushikia kwa mkono au kupitishia kamba. Tena bomba jembamba huzuia kinywaji kisimwagike wala kisikauke upesi katika nchi ya joto.

Mfinyanzi alianza kwa kufanya kichwa kizima cha udongo kwa mkono. Hiyo ndiyo saa aliyomtazama mtu wake. Kichwa kikisha kukauka, alikifunika kwa udongo mwingine, akaukata udongo huo vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, akavitoa na kuvichoma motoni. Hivyo alipata kalibu. Baadaye alikandamiza udongo laini ndani ya kila kipande, akaunganisha pande mbili, akapaka na kulainisha maungio kwa vidole. Kisha alitia mabomba, akapaka udongo mweupe na mwekundu uliokorogwa na maji kama uji, akasugua mpaka uso ung'ae, akachoma.

Karakana ya wafinyanzi wa namna hiyo ilichimbuliwa katika miaka ya 1990 katika uwanja ulio kati ya vilima viwili nilivyovitaja, na ndani yake makalibu yalionekana. Bwana mmoja wa Peru, Rafael Larco Hoyle, mtoto wa wenye mashamba ya miwa ya Chiclín, alikusanya mitungi mingi sana, akaiwekea nyumba ya makumbusho tangu mwaka wa 1926. Nyumba hiyo ipo sasa Lima. Mwaka wa 1948 alionyesha kwamba mtu akichunguza umbo la bomba peke yake, aweza kuipanga mitungi ya Wamoche katika vipindi vitano, tangu wa kale hadi wa mwisho. Mitungi yenye uso wa mtu fulani ni zaidi ya kipindi cha tatu na cha nne. Katika kipindi cha tano karibu hakuna tena.

Tukumbuke neno hili la kalibu, maana ni lazima katika kuihukumu kazi hii. Kalibu moja yaweza kuzaa mitungi mingi. Kwa hiyo mitungi miwili yaweza kuwa kama mapacha: pua ile ile, kidevu kile kile, lakini mmoja amepakwa rangi nyekundu mashavuni na mwingine kilemba chake kina michoro mingine. Mapacha wa mama mmoja waliovishwa nguo mbalimbali.

MEMA YAKE

Watu wengi wakitazama mitungi hii husema: «Kama mtu hai!» Kisha wanakwenda zao, wakidhani wamekwisha kusifu. Sifa hiyo ni ndogo mno. Mtu akimwaga udongo laini juu ya uso wa maiti atapata uso unaofanana naye sawasawa. Lakini hiyo si kazi ya ufundi, ni nakala. Lazima tutafute wema wa mitungi hii mahali pengine.

Wema wa kwanza ni kwamba mfinyanzi hakubembeleza. Watu walioonyeshwa huwa na vilemba vizuri na mapambo makubwa ya masikio, dalili kwamba walikuwa wakubwa katika nchi yao. Huko Chicago upo mtungi wa mtu wa namna hiyo, uso wake mpana, mdomo umefungwa, paji la uso limekaza kama la mtu aliyezoea kutii­wa. Mkubwa kama huyo angeweza kuagiza afanywe mzuri kuliko alivyo. Lakini fundi ameacha shavu moja nene kuliko jingine, ameacha mikunjo, ameacha jicho lililovimba. Kuna nyuso za vipofu. Kuna nyuso zilizoliwa na ugonjwa, pua na midomo imeharibika. Fundi hakuzicheka wala hakuzificha. Alizifinyanga kwa uangalifu ule ule aliompa mwenye kilemba.

Wema wa pili ni ukimya. Wachache hucheka, lakini walio wengi wamefunga midomo na kutazama mbele. Hawafanyi ishara, hawana mikono, hawana silaha. Kitu chote kiko machoni na mdomoni. Fundi asiye hodari huongeza mapambo ili watu wasione udhaifu wake. Fundi hodari hupunguza mpaka libaki lile tu linalosema.

Wema wa tatu, nao kwangu ndio mkubwa, ni kwamba mtungi umebaki mtungi. Fundi hakutaka kutudanganya tudhani ni kichwa kilichokatwa. Bomba liko wazi juu ya kichwa, halifichwi na kilemba. Mviringo wa mtungi na mviringo wa fuvu la mtu vimekuwa kitu kimoja, hata hatuwezi kusema mtungi waishia wapi na mtu aanzia wapi. Kinywaji kilimiminwa ndani ya mtungi huo, maana mingi ina alama za kutumiwa: imechubuka, imepasuka ukingoni. Haikufanywa kwa ajili ya kutazamwa rafuni tu. Watu waliishika, wakaimimina, wakaipokezana, na mwishowe mingi ikawekwa kaburini pamoja na wafu.

UDHAIFU WAKE

Mwenye kusifu kila kitu hasifu kitu. Basi tuseme pia mabaya.

Kalibu ni mtumishi mwema na bwana mbaya. Mitungi mingine imetoka katika kalibu iliyochakaa: kope hazionekani, masikio yamebanwa kama mikate, mpaka wa midomo umefifia. Fundi wa kwanza alimtazama mtu. Fundi aliyefuata alitazama kalibu tu. Ukiiweka mitungi miwili ya namna hizi pamoja, waona mara moja yupi alikuwa na mtu mbele ya macho yake na yupi alikuwa na kazi ya kumaliza kabla ya jioni. Katika nyumba za makumbusho yote miwili hupewa heshima moja, kwa sababu yote ni ya kale. Lakini ukale hauugeuzi uvivu kuwa ufundi.

Tena, nyuso hizi karibu zote ni za wanaume wazima, pamoja na vijana wachache. Wamoche walijua kumfinyanga mwanamke katika mitungi ya namna nyingine, mwili mzima, akibeba mzigo au mtoto. Lakini uso wake peke yake, uso wa mama fulani mwenye kujulikana, hawakuufanya. Mfinyanzi aliyeona kovu dogo mdomoni mwa mkubwa hakuona uso wa mama yake. Au aliuona, lakini nchi yake haikumwomba aufinyange. Ufundi huona mpaka pale nchi inaporuhusu kuona.

Hapa msomaji wa Kongo ataikumbuka mitungi ya Wamangbetu wa Uele, nayo yenye kichwa cha mtu, ambayo Herbert Lang na James Chapin walichukua mingine hata New York katika safari yao ya miaka 1909 hadi 1915. Wamangbetu na Wamoche hawakuonana kamwe, wala hakuna udugu kati ya kazi zao. Lakini kuzilinganisha kwafaa. Kichwa cha mtungi wa Kimangbetu ni kirefu, kimesukwa nywele kwa namna ya fahari ya watu wale. Hakionyeshi mtu fulani. Chaonyesha jinsi mtu apasavyo kuwa ili aitwe mzuri. Wazungu wengine walisema kwamba Mmoche ni fundi mkubwa zaidi kwa sababu uso wake wafanana na mtu. Hiyo ni hukumu mbovu. Mmoja alitafuta mtu huyu, mwingine alitafuta uzuri wa watu wote. Kila mmoja apimwe kwa kipimo cha kile alichokitafuta.

MTU MWENYE KOVU

Bwana Christopher Donnan, mwalimu wa chuo kikuu cha Los Angeles, alitumia miaka mingi akipiga picha mitungi ya Wamoche katika nchi nyingi, katika nyumba za makumbusho na katika nyumba za watu. Mwaka wa 2004 alitoa kitabu kizima juu ya nyuso hizi. Kwa kuziweka picha zake pamoja, aligundua jambo ambalo mwenye mtungi mmoja tu asingeweza kulijua: watu wengine wamerudiwa mara nyingi.

Mmoja wao ana kovu katika mdomo wa juu, upande wa kushoto. Donnan alipata mitungi zaidi ya arobaini yenye uso wake. Katika mingine ni kijana mdogo, mashavu bado laini. Katika mingine ni mtu mzima anayeanza kupata nguvu. Katika ile ya mwisho amefika umri wa miaka thelathini na zaidi, uso umekuwa mzito, macho yamezoea kuamuru. Kovu liko daima. Huyu ni mtu aliyefuatwa na wafinyanzi tangu utoto wake hata utu uzima, kama wazazi wa siku hizi wanavyompiga mtoto wao picha kila mwaka.

Jina lake limepotea. Wenye elimu humwita kwa kovu lake tu. Lakini hebu tufikiri: kati ya watu wote walioishi duniani katika karne zile, ni wangapi ambao leo twaweza kuwaona jinsi walivyokua? Makaizari wa Roma wachache, basi. Na huyu, mtu wa bonde la jangwani, ambaye watu wake hawakujua kuandika.

KAMBA SHINGONI

Kama habari ingeishia hapa, tungesifu na kufunga kitabu. Lakini haiishii hapa.

Donnan aliona kwamba baadhi ya watu waliofinyangwa kwa heshima, na vilemba vyao na mapambo yao ya masikio, huonekana tena kwa namna nyingine. Sasa ni mwili mzima. Mtu yu uchi, ameketi, mikono imefungwa, shingoni ana kamba. Mapambo yameondolewa, masikioni yamebaki matundu tu. Uso ni ule ule.

Maana yake twaijua kwa michoro ya Wamoche wenyewe juu ya mitungi mingine. Mashujaa wao walipigana wakiwa na marungu. Aliyeshindwa alivuliwa nguo na silaha, akafungwa kamba, akaongozwa mpaka mahali patakatifu. Huko alikatwa koo, na damu yake ikatolewa katika kikombe kwa wakuu waliovaa mavazi ya miungu. Zamani wengine walidhani kwamba michoro hiyo ni hadithi tu. Lakini mwaka wa 1987 Bwana Walter Alva alifukua huko Sipán kaburi la mkubwa aliyezikwa na mavazi yale yale ya michoro. Na mwaka wa 1995 Bwana Steve Bourget alichimba katika uwanja mmoja wa Huaca de la Luna, akakuta mifupa ya watu zaidi ya sabini, wote wanaume, vijana na watu wazima. Bwana John Verano aliichunguza mifupa hiyo, akaona alama za kisu katika mifupa ya shingo, na majeraha ya zamani yaliyopona, kama ya watu waliozoea vita.

Kati ya mifupa ile, katika tope lililoletwa na mvua kubwa, palikuwa na vipande vya sanamu za udongo. Ni sanamu za wanaume walioketi uchi, wenye kamba shingoni. Hazikuchomwa motoni. Zilifinyangwa, zikaletwa mahali pale, zikavunjwa kwa makusudi juu ya maiti. Mfinyanzi alifanya mtu wa udongo ili avunjwe pamoja na mtu wa nyama.

JE, UZURI WATOSHA?

Sasa twarudi kwa swali letu. Najua majibu mawili yanayotolewa upesi, na yote mawili hayanitoshi.

Wa kwanza husema: Watu hawa walikuwa wapagani wakatili, Mkristu ana kazi gani na vyombo vyao? Afadhali vivunjwe. Ndivyo walivyofikiri wengine huko Peru katika karne ya 17. Padri Pablo José de Arriaga, Mjezuiti, alitoa kitabu mwaka wa 1621 juu ya njia ya kung'oa ibada za sanamu katika nchi ile, na katika kazi hiyo vitu vingi vya mababu vilichomwa moto na kuvunjwa. Lakini mwenye kuvunja uso wa udongo hakumwokoa hata mmoja wa wale waliouawa. Amewaua mara ya pili, maana ule uso ndio shahidi pekee aliyebaki.

Wa pili husema: Tusihukumu, ilikuwa desturi yao, tutazame uzuri tu. Jibu hili lapendeza siku hizi, nalo husikika katika nyumba nyingi za makumbusho. Lakini anayesema hivyo na autazame tena mtungi wa mfungwa. Haikatwi koo desturi, anakatwa mtu. Mfinyanzi mwenyewe hakutuficha jambo hilo: amefinyanga kamba jinsi inavyobana, amefinyanga matundu ya masikio yaliyonyang'anywa mapambo. Tukifumba macho ili tufurahie uzuri, twaona kidogo kuliko fundi mpagani alivyoona.

Ukweli ni mgumu zaidi kuliko majibu hayo mawili. Jicho hodari si moyo mwema. Mtu aweza kuujua uso wa jirani yake mpaka kovu la mdomo, na bado asione kwamba uhai wa jirani huyo si mali yake. Wala tusidhani ya kuwa hayo ni ya Wamoche tu. Katika karne zile zile Wakristu wa Ulaya walipochora sanamu nzuri za Bikira Maria na Mtoto, merikebu za Wakristu zilikuwa zikichukua watu wa Kongo ng'ambo ya bahari, wamefungwa minyororo, wauzwe kama mbuzi. Wale nao walijua kuchora uso wa mama. Uso wa mama Mkongo aliyenyang'anywa mtoto hawakuuona.

Kwa hiyo mitungi hii yatufundisha kitu ambacho mahubiri matupu hayawezi. Ufundi hufungua macho. Haufungui mikono iliyoshika kisu. Kwa hilo yatakiwa kitu kingine. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu mwenyewe alimfinyanga mtu kwa udongo, akampa pumzi yake. Mfinyanzi wa Moche alitumia kalibu. Mungu hana kalibu. Kila uso ameufanya mara moja tu, na hakuna aliye na ruhusa ya kuuvunja. Anayeamini hivyo hawezi kumfunga mtu kamba shingoni, hata kama hajui kufinyanga kikombe. Naye Yezu Kristu alimwaga damu yake mwenyewe mara moja, ili pasihitajike tena damu ya mfungwa yeyote juu ya kilima chochote. Wamoche waliyajua mapenzi makubwa ya mwanadamu kutaka kuwapatanisha watu na mbingu. Njia ndiyo waliyoikosa.

ASKOFU ALIYETAZAMA

Sitaki msomaji adhani kwamba watu wa Eklezya huko Peru walikuwa wavunjaji tu. Katika miaka ya 1780 Trujillo ilikuwa na askofu mmoja, jina lake Baltasar Jaime Martínez Compañón. Alizunguka jimbo lake kubwa, jangwani na milimani, akiwatembelea watu wake. Katika safari zake aliagiza wachoraji wachore yote waliyoyaona: mimea, wanyama, samaki, kazi za watu, ngoma zao, nguo zao. Picha hizo ni za rangi, zaidi ya elfu moja na mia tatu, zimefungwa katika vitabu tisa, nazo zimehifadhiwa Madrid katika maktaba ya mfalme. Kitabu cha tisa ni cha mambo ya kale: makaburi, majengo ya matofali, na mitungi ya watu wa zamani. Tena alituma Hispania masanduku ya mitungi yenyewe.

Askofu huyu hakuwa mpagani, wala hakufundisha kwamba dini zote ni sawa. Alijenga makanisa na shule. Lakini alifahamu kwamba mchungaji asiyejua kondoo wake wametoka wapi hawezi kuwaongoza vema. Alitazama kwanza. Wenye elimu wa leo bado hutumia picha zake, maana vitu vingine alivyovichora vimekwisha kuharibika.

NENO LA MWISHO

Mitungi mingi ya Wamoche iliyoko duniani haikufukuliwa na wenye elimu, bali na wezi wa makaburi. Wao hutoboa kaburi usiku, huokota kile kinachouzika, hutupa mifupa na vitambaa. Mnunuzi hupata uso mzuri. Lakini hawezi tena kujua ulilazwa karibu na nani, mwanamume au mwanamke au mtoto, wala pamoja na vyombo gani. Ni kama mtu aliyechana ukurasa mmoja katika kitabu cha jamaa na kuchoma vilivyobaki. Uso umebaki, habari yake imekufa.

Jambo hilo twalijua na sisi. Vitu vya wazee wetu vingine vilichomwa, vingine viliuzwa kwa bei ya shati, vingine vingali vimefichwa darini navyo vyaliwa na mchwa. Ndugu msomaji, kama kwenu kipo chombo cha namna hiyo, usikiabudu, maana hakikukuumba. Lakini usikiuze upesi kwa mchuuzi anayepita, wala usikivunje ili uonekane Mkristu hodari. Waulize kwanza wazee: nani alikifanya, kwa mkono wa namna gani, kilitumiwa siku gani, kiliwafurahisha nani na kumliza nani. Andika majibu yao katika daftari, pamoja na majina yao, mema na mabaya pia. Wafinyanzi wa Moche walituachia nyuso bila majina. Sisi tunaojua kuandika hatuna udhuru.